Njia ya Miguu Iliyopita Bafuni kwa Mama Mkwe

Niseme la aibu kwanza tulimalize: ramani ya mtaa wetu hapa Kilwa Masoko, ile ya kwenye simu, nimeichora mimi, na niliwapitisha watu mbele ya bafu la mama mkwe wangu. Tena wakati huo alikuwa hajawa mkwe. Barua yangu ya posa alikuwa nayo wiki ya tatu, hajajibu.

Shule niliishia kidato cha pili, na huko kwenyewe nilikuwa nakaa dirishani. Lakini kuchora ramani tulifundishwa siku mbili, nikajiona injinia. Mwalimu alisema barabara, njia ya miguu ya pembeni yake na sehemu za kuvukia ni mtaa mmoja, kwa hiyo uzifunge fungu moja, simu ijue zinaungana. Nikazifunga, tena barabara. Ila humo humo nikatia na kinjia cha uani kwa yule mama, maana sote tunakatiza pale: unapiga hodi, unasikia "pita", unapita. Mimi napita pale tangu navaa kaptula.

Sasa simu haina hodi. Wakaja wageni wa semina, wakakifuata kinjia kimyakimya, macho kwenye simu, msururu mzima. Mama alikuwa anaoga. Bafu lenyewe la makuti, linaanzia magotini linaishia mabegani.

Akaniita. Njia nzima nilikuwa naiaga posa yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo simu yako inapiga hodi?"

Nikasema haipigi.

"Basi nitoe humo, nikiona."

Nikakaa mkekani, jasho linanitoka, nikakitoa kinjia kwenye fungu, nikakifuta, watu nikawavushia kwenye mistari myeupe mbele ya shule. Yeye kavaa miwani, kidole kwenye kioo, anauliza kila mstari ni wa nini. Akagundua kivuko cha msikitini nimekisahau kabisa. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikamteleza begani.

"Mwambie mjomba wako aje Ijumaa baada ya swala," akasema. "Na apite mlango wa mbele."

Nilipomsimulia rafiki yangu, ambaye tulifundishwa naye kuchora, alinitazama juu mpaka chini.

"Wenzio tunatuma mshenga mmoja," akasema. "Wewe umetuma semina nzima, na mkwe kajipaka sabuni."