Jibu la Mgeni Nililoligeuza

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ya mkutano wa zahanati katika kijiji kimoja mbele ya Buigiri. Nilikuwa kijana, karani wa ofisi pale Dodoma, na kwa kuwa nilikijua Kiingereza (nilikijivunia mno, Mungu anisamehe) nilipewa kazi ya kumtafsiria mtaalamu wa kigeni, Bwana Henriki.

Ilikuwa miaka ya ruksa, nchi ilipofungulia biashara huria. Bwana Henriki aliamini kwa moyo safi kwamba cha bure humlemaza mtu, hivyo matibabu ya serikali nayo yalipiwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikula ugali wetu wa uwele na mlenda bila kukunja uso.

Alipomaliza kuwaeleza wazee wa kijiji, akasimama Bibi Mbeleje, mkunga wa jadi aliyepokea nusu ya watoto wa kijiji.

"Mjukuu wangu, muulize mgeni. Huko kwao, mama yake akiugua, hulipa mlangoni?"

Nikamuuliza. Bwana Henriki akanijibu kwa sauti ya chini kwamba hapana. Mama yake alivunjika nyonga, akatibiwa hadi akapona bila kudaiwa mlangoni, maana kwao watu wote huchangia kupitia kodi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mimi niliogopa kupoteza kazi, nikawageukia wazee: "Anasema hata kwao kila mtu hujilipia."

"Basi," mzee mmoja akasema, "kama hata wao, sisi ni nani?"

Wakakubali.

Msimu wa mvua uliofuata nilimkuta Bibi Mbeleje wodini, hospitali ya mjini. Mwiba ulimchoma shambani. Hakuwa na cha kulipia zahanati, akakifunga kidonda kwa kitambaa akisubiri mavuno. Mguu ukaoza, ukakatwa chini ya goti.

Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza yote huku nalia.

"Sijui kama tungeshinda," akasema. "Labda wangetutoza tu. Lakini tungebisha. Tulikuamini uwe masikio yetu, mjukuu wangu, nawe ukatuziba. Nenda kawaambie."

Nilikwenda, nikasimama mbele yao nikakiri. Wapo ambao hawakunisamehe hadi walipoingia kaburini. Bwana Henriki alikuwa amekwisha rudi kwao, na hakujua kamwe nilivyoligeuza neno lake la kweli.

Mwanangu, mchuma janga hula na wa kwao. Imani ya mgeni isikutishe wala isikulevye. Mtu aweza kuhubiri jambo moja na kuishi chini ya jingine, pengine bila hata kuliona. Muulize kwa heshima anaishije kwao, na jibu lake ulifikishe kama lilivyo, hata likikunyima mkate, maana watakaoumia kwa neno hilo wana haki ya kulisikia lote.

Mungu akunyooshe ulimi, akulinde wewe na uzao wako, na siku ukiugua usikose wa kukuuguza. Amina.