Mwaka Niliongoja Ziwa Liyeyuke

Sisi tuliolelewa New Hope, Minnesota, kabla simu hazijaanza kutulea tulijua kungoja. Tulingoja basi la shule tukiwa na suruali mbili mbili na makoti yaliyofika magotini, kope zikigandana kwa baridi. Tulingoja mama zetu warudi kutoka zamu ya usiku, wakinuka dawa ya kunawia mikono, ndipo chai ichemke. Tulingoja chapati za Jumapili kuanzia Jumatatu. Lakini kungoja kulikonikondesha mimi ni kule kwa mwaka niliookoka Januari.

Wenzangu mtakumbuka kwamba kanisa letu halikuwa na jengo. Tuliazima la Wazungu, tukiingia mchana, wao wakiwa wameshatoka, harufu ya kahawa yao ikiwa bado hewani na viti vimepangwa kwa unyoofu ambao sisi tuliumaliza kwa wimbo mmoja. Kila kitu chao kilitufaa isipokuwa mahali pa kubatizia. Walikuwa na bakuli la mawe, dogo kama la kunawia kabla ya ugali. Mchungaji wetu, mzee wa Kisii aliyebatizwa mtoni, alilitazama kwa huruma.

"Hapa utaosha kidole," alisema. "Dhambi zinataka maji mengi."

Kwa hiyo aliyeokoka kiangazi alizamishwa ziwani wiki hiyohiyo, na aliyeokoka wakati wa theluji alingoja ziwa liyeyuke. Watu wazima hawakuona tatizo. Mimi sikuona pia, mpaka Wambui aliponionyesha. Wambui alikuwa rafiki yangu wa Shule ya Jumapili, alibatizwa Agosti, na tangu hapo alitembea kama mtu mwenye uraia.

"Moraa, ukifa kabla ya Mei utaenda wapi?" aliniuliza tukila mandazi.

"Mbinguni."

"Na hujabatizwa?" Akatafuna kwanza. "Labda watakuweka pale mlangoni."

Mtoto mwingine angemrushia mandazi. Mimi nilienda nyumbani kufikiria. Hadi leo niko hivyo: nina shahada ukutani, lakini mtu akinijibu "sawa" kwenye simu na kuweka nukta, nakosa usingizi.

Niliamua kwamba nisipoweza kuharakisha ziwa, basi nitakaa bila dhambi hadi Mei. Haikuwa kazi ndogo. Shuleni mwalimu alipouliza nani alipiga kelele, niliinua mkono, kwa sababu ingawa sikupiga, nilikuwa nimetamani. Anti Kerubo, rafiki wa Mama, alipotuletea pilau na kuniuliza, "Tamu, mama?" nilitafuta ukweli moyoni nikamwambia chumvi imezidi na nyama ni ya kutafutwa ndani ya mchele. Anti aliondoka mapema siku hiyo.

"Utakatifu wako utatumalizia marafiki," Mama alisema akifunga mlango.

"Lakini nisiseme uongo, Mama."

"Nani amekuambia useme uongo? Ungetafuna tu. Mtu akitafuna anaongea?"

Kila tukipita kando ya ziwa nilibandika uso kwenye kioo cha gari. Barafu ilikuwa nene hata Wazungu waliegesha magari juu yake, wakajenga vibanda, wakakaa humo wakivua samaki kupitia tundu walilotoboa. Niliwaonea wivu. Maji yalikuwepo! Yalikuwa chini tu! Jumapili moja nilimfuata Mchungaji baada ya ibada nikamweleza mpango wangu, kwamba mimi ni mwembamba, na kama wale wavuvi wangetupisha kidogo, ningeweza kuingia kwenye tundu kwa miguu na kutolewa kwa mikono.

Mchungaji alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita Mama.

"Mama Moraa, huyu mtoto analala vizuri?"

Nilikuwa silali. Nililala chali, mikono kifuani, ili nikifa nikutwe nimekaa vizuri. Nilisikiliza moyo, nikaona unapiga haraka, nikaogopa, ukapiga haraka zaidi. Kila usiku niliokoka upya kimyakimya, kama mtu anayerudi kuhakikisha kwamba jiko limezimwa.

Machi ilipotulegezea, maji yakaanza kudondoka kutoka mapaa, barabara zikawa tope jeusi, na bata bukini wakarudi wakipiga kelele kama wenye nyumba. Barafu ikageuka kijivu. Nikaanza kupumua. Halafu Aprili ikaanguka theluji ya kufika magotini. Watu wote wa Minnesota walikasirika, kwa maana waliona ni hali ya hewa. Mimi peke yangu nilijua kwamba ni jibu langu. Nilirudi nyuma hadi Januari nikikagua mawazo yangu moja moja, nitafute lile lililosababisha.

Lakini ziwa liliyeyuka. Jumapili ya kwanza ya Mei kanisa zima lilisimama ufukweni na makoti yao, akina mama na leso kiunoni juu ya suruali za joto, wakiimba mapambio huku mvuke ukiwatoka midomoni. Mama alitoka kazini moja kwa moja, bado na sare yake ya kutunzia wazee. Mchungaji akaingia majini kwa madaha, kanzu nyeupe ikielea. Nikashangaa imani yake, hata hakutetemeka. Nilipomfikia ndipo nilipoona kwamba chini ya kanzu amevaa suruali ya mpira ya wavuvi, imefika kifuani. Mimi nilikuwa na gauni la pamba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mbingu kufunguka. Nilikuwa nimejiandaa kwa sauti. Alinizamisha, na kitu pekee nilichokiona kule chini ni baridi, baridi yenye meno. Nilipoibuka nilipiga yowe lililozima wimbo.

"Nakufa! Mama, nakufa!"

"Amina!" akaitikia Mchungaji kwa furaha. "Ufe kabisa, binti yangu, uanze upya!"

Mzungu aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama njiani akauliza kama mtoto yule yuko salama. Anti Kerubo, yule wa pilau, alikwishaingia majini na viatu vyake. Alinivuta, akanifunga leso, akanisugua mgongo kama anayesugua sufuria, akanimiminia chai ya tangawizi mdomoni kabla sijaombwa kufungua.

"Chumvi imetosha?" akaninong'oneza, nikacheka na chai ikanitoka puani.

Ndani ya gari Mama aliwasha hita, akaweka mikono kwenye usukani.

"Mama," nikasema, "nitajuaje kama umeshika? Ubatizo."

"Mm," alisema. "Acha nipumzike dakika moja, siwezi kudrive hivi."

Akalala hapohapo, mdomo wazi. Nilitaka kumwamsha, maana swali langu lilikuwa kubwa na lilikuwa limengoja tangu Januari. Sikumwamsha. Nilikaa nikitazama matone yakishuka kwenye kioo, nikafikiria chapati, kama atapika leo ama kesho, na kama zitakuwa na mchuzi wa maharagwe. Nilifika mbali katika mambo hayo ya chapati. Ndipo nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimeusikiliza moyo wangu unavyopiga. Nilikuwa nimesahau kuukagua. Usiku ule nililala kwa ubavu, kama watu.

Siku hizi kanisa letu lina jengo lake. Nyuma ya madhabahu kuna kisima cha vigae chenye maji ya uvuguvugu, na kijana akiokoka Februari anabatizwa Februari, anaibuka nywele zikiwa zimependeza, na kabla hajakauka marafiki zake wameshamrekodi. Anamwambia Mchungaji, "Tunaweza kurudia? Nilikuwa nimefumba macho." Nawacheka, mimi bibi kizee wa miaka ishirini na minne.

Nawacheka, lakini wao wanakuja kanisani. Mimi niliacha nikiwa chuoni, si kwa kugombana na mtu, nilifikiria tu hadi nikaishiwa. Mwaka huu nimeumaliza wakati wa baridi chumbani kwangu Hopkins, nikiomba kazi katika ofisi za Eden Prairie na kufungua barua pepe kila mara. Theluji ilipoanza kuondoka nikaenda siku moja, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mama mmoja nisiyemjua akageuka akaniuliza nina ombi gani. Nikasema nimemaliza chuo, natafuta kazi. Akanishika mkono akaomba kwa sauti ya kusikika hadi mji wa Saint Paul, akamweleza Mungu kwamba mtoto huyu amesoma, amechoka, na hali chakula vizuri. Hayo mawili ya mwisho sikuwa nimemwambia.

Bado sina kazi, na sina uhakika wa mambo mengi niliyoyajua nikiwa mdogo. Lakini Jumapili nimekuwa nikienda. Enzi zile nilikuwa nikingoja na kanisa zima, nao wakingoja nami wakiwa na chai tayari. Miaka hii nimekuwa nikingoja peke yangu, nikidhani huko ndiko kukua.