Tundu la Kamongo

Bwawa la Manchira likipungua, harufu ya tope linalokauka hunirudisha kwenye kinamasi cha bondeni, karibu na boma letu, nilikokuwa nikipitisha ng'ombe nikiwa mtoto. Kiangazi kilikuwa kinaanza. Yangeyange na korongo walikuwa wakidonoa samaki waliokwama kwenye vidimbwi, na kamongo mmoja, samaki mrefu kama mkono wangu, alijichimbia topeni ili alale mpaka mvua irudi. Aliacha tundu dogo la kupumulia. Niliogopa korongo wangemwona, nikalijaza tope na kulishindilia kwa kisigino.

Kesho yake nilimwonyesha bibi kwa majivuno.

"Mume wangu," alisema, "umemficha au umemziba pua?"

Alipiga magoti, akalitoboa lile tope taratibu kwa kijiti, kisha akaniambia nitege sikio. "Mimi masikio yamezeeka. Anapumua? Kama hapumui, tumfukue sasa hivi."

Nilisikia ndege tu, lakini niliona aibu kusema.

"Anapumua, bibi."

Alicheka, akapangusa magoti, tukaondoka. Mvua iliporudi, ng'ombe niliwapitisha njia nyingine.