Baraza la Vioo Alilojenga Baba

(Dada huyu ametuandikia kwa sharti moja: jina lake libaki kwetu. Tumebadilisha na la kaka yake. Someni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.)

Mimi ni mama wa watoto wanne, mjane, nina miaka sitini na mitatu. Naishi Bugarama, Ngara, kwenye kiwanja kile kile alichokuwa nacho marehemu baba, pamoja na mama yangu mzazi ambaye amepita tisini. Naomba mapema kabisa: msiniletee mahubiri. Kanisani nakwenda na mahubiri nayasikia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili habari za kuhamia vijijini zilipotufikia. Tuliambiwa wote tuhame mlimani tukakae kando ya barabara. Viongozi hao hao walikuwa wakitupigia kelele kila mkutano kuhusu nyumba bora: madirisha makubwa, hewa, mwanga. Baba yangu, fundi uashi, akaunganisha hayo mawili kichwani mwake. Akasema, "Nyumba ikiwa bora haitavunjwa. Watavunja vibanda." Akaenda Biharamulo kununua vioo, akarudi amepanda lori, kavipakata kama mtoto mchanga, kavifunga kwa majani makavu ya migomba.

Akajenga baraza mbele ya nyumba, limezungukwa na vioo pande tatu. Jamani, lilikuwa zuri! Kwetu asubuhi za kiangazi baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na baba alikuwa na kifua kibovu. Humo ndani alikuwa anakaa na koti tu, jua linampiga, hakohoi. Masika mama alianika humo maharage. Ni ule mwezi wa joto kabla ya vuli tu ndio tulilikimbia.

Kaka yangu mkubwa, nimwite Laurenti, alikuwa amejiunga na mgambo. Siku ya kuhamishwa alikuja nao asubuhi, na lori, na kiongozi mmoja wa kata. Baba alitoka akicheka, akamshika yule kiongozi mkono, akamwingiza barazani. "Karibu mheshimiwa. Hii ndiyo nyumba bora mliyotufundisha." Yule bwana akaangalia vioo, akaangalia mgambo wake. "Bepari ana ngome," akasema. Halafu akamgeukia kaka. "Kijana, huyu si baba yako? Basi anza wewe, tuone uko upande gani."

Laurenti alianza. Hakusita, na hilo ndilo siwezi kulisamehe. Rungu la kwanza lilipasua kioo cha mbele. Baba akakimbilia kioo cha pili, akatandaza mikono kukinga vioo kwa mwili wake, akipiga kelele, "Mwanangu, ni mimi!" Laurenti akapiga hivyo hivyo. Kioo na uso wa baba vilipasuka pamoja. Mama akamrukia Laurenti, akapigwa mkono, nikausikia mfupa ukivunjika. Waliendelea mpaka hakikubaki kioo hata kimoja, kisha wakachoma jiko la nyasi na mbuzi wawili ndani yake. Tukatupwa kwenye lori. Baba alikuwa ananitafuta kwa kupapasa, vipande vya kioo vimesimama machoni, damu inanimwagikia kwenye gauni.

Huko kijijini tulipewa kibanda cha nyasi. Baba, kipofu, hakuimaliza masika ya kwanza. Alikohoa mpaka akatapika damu. Laurenti hakuja kuzika.

Vita vya Kagera vilipoanza, akaenda. Nilipiga magoti kila siku nikiomba risasi imkute. Ilimkuta mguuni, akarudi akichechemea, kijiji kizima kikampokea kwa ngoma. Nilipita katikati ya wachezaji nikamng'ata bega mpaka nikasikia ladha ya damu yake. Alinipiga ngumi moja, meno mawili yakadondoka. Watu wakanishika, wananizomea, "Mwache askari wetu!" Hakuna aliyeuliza baba yetu yuko wapi.

Sasa sikieni. Mwaka jana wanangu wamenijengea baraza la vioo, pale pale mahameni kwetu, kwenye kiwanja tulichohamishwa na kukirudia baadaye, kwa ajili ya magoti yangu na baridi ya mama. Mama anashinda humo. Wiki iliyopita binti wa Laurenti alinipigia simu. "Shangazi, shikamoo." Sikuitikia. Akaendelea tu, analia. Mapafu ya baba yake yamekwisha, nyumba yao ina unyevu, mzee anaomba aje akae kwenye jua nyumbani kwetu siku zake zilizobaki.

Nikamwambia mama, nikidhani tutakuwa kitu kimoja. Akasema, "Mlete."

"Mama, huyu alimuua baba!"

"Najua. Nilikuwepo." Akaushika ule mkono wake uliounga vibaya. "Nimemzaa mimi. Asipokuja hapa, nitakwenda mimi kwake."

Na atakwenda kweli, namjua. Kwenye nyumba yenye unyevu, kwa umri ule, hatamaliza kiangazi. Basi nimekubali kwa mdomo. Laurenti analetwa Jumapili.

Ila jana nilikuwa nje nasugua vioo. Nikamwona Laurenti kabisa ameketi ndani, kajifunika blanketi, jua limempiga usoni. Mama akaniita mara ya tatu ndipo nikashtuka. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nimesimama nimeinua mkono, na mkononi nina jiwe.

Panga na shoka nimepeleka kwa jirani, nimemdanganya kwamba zinahitaji kunolewa. Lakini mawe yamejaa mlima mzima. Nikimzuia Laurenti, nampoteza mama. Nikimpokea, naogopa nitamuua mbele ya macho ya mama. Mnaojua hasira ya aina hii, niambieni: Jumapili nimfungulie mlango, au niondoke mimi?