Fundi Aliyeachwa Mwezini

Wale watu walioandika ile tamthilia, Mungu anisamehe, nikikutana nao njiani sitawasalimia. Misimu minne wametukalisha kitako tukifuata meli yao inayopotea angani, halafu imebaki kidogo tu imalizike, wanatuletea upuuzi. Ningekuwa naitazama peke yangu kwa simu ningeizima, nikatukana kidogo, nikalala. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu na maikrofoni mkononi, na mama yangu mdogo amekaa benchi la mbele.

Ilikuwa wakati wa mafuriko, pale Garsen. Barabara ya Malindi imekatika, ya Hola imekatika, ya Lamu ndiyo usiulize. Lori za ng'ombe zilikaa foleni mpaka nyasi zikaota chini ya magurudumu. Watu wa vijijini waliletwa kwa boti wakapigiwa mahema kwenye uwanja ulioinuka, na sisi wa mjini tukawa kisiwani pamoja nao. Unaamka, unatembea mpaka pale lami inapoingia majini, unayatazama maji, unarudi. Kesho yake vivyo hivyo. Nilichoka hadi nikawa naionea hasira miguu yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kutafsiri katika banda la video. Nasimama kando ya skrini, natoa Kiingereza natia Kiswahili ambacho Mpokomo, Muorma, Msomali na Mgiriama wote watakishika, na filamu inapolala naiamsha kwa maneno yangu. Ndivyo kazi ilivyo. Mtafsiri asiyetia chumvi watu humwachia banda. Sasa filamu zetu zilikuwa zimerudiwa mpaka watu wanajua nani atakufa kabla hajaingia, na kilichobaki kwenye flashi yangu ni hiyo tamthilia ya meli ya angani, ambayo ma-DJ wa miji mikubwa, wale wanaouza filamu zilizokwisha kutafsiriwa, hawakuwahi kuigusa. Nikaianza. Kila alasiri jenereta ikiwa na mafuta tunapiga sehemu mbili, na banda likajaa hadi watu wakawa wanachungulia madirishani.

Mama mdogo alikuwa ametolewa kijijini Golbanti na boti za mwanzo, ana sufuria moja na kuku. Mumewe alikataa kupanda. Alisema hawezi kuacha mbuzi na mpunga wa mbegu waibiwe na walimwengu, akabaki kwenye mwinuko karibu na kanisa. Simu yake ikazima kwa kukosa chaji, na tangu hapo hatukusikia neno. Kila asubuhi mama mdogo aliniuliza mimi, maana ndiye ninayekaa na watu, "Umesikia lolote?" Na kila asubuhi nilimjibu, "Yuko salama, mama. Boti za unga wa msaada hupita huko, wamemwona." Nani alimwona? Sijui. Ungekuwa wewe ungemwambia nini? Alitaka kupanda boti aende mwenyewe, na ukoo mzima tukamkatalia. Maji yana mamba, viboko wamelala mashambani, kaa hapa. Basi akakaa, akawa anakuja bandani.

Na humo bandani akampenda Fundi. Meli ile ilikuwa na fundi wa mitambo, mtu mzima, mkorofi, hapendi kuamrishwa. Mwisho wa msimu wa tatu alibaki nyuma kwenye mwezi mmoja mkavu, ameshikilia mlango usijifunge ili wenzake watoke, na nahodha akaapa atarudi kumchukua. Tangu siku hiyo mama mdogo hakuwa na habari na vita wala mazimwi ya angani.

"Wamemfuata?" ndilo swali lake.

"Bado, mama."

"Kwani hawa wana kazi gani nyingine?"

Ndipo ikafika ile sehemu. Nahodha na wenzake wanaingia chumba cheupe, mlango unajifunga, wanakaa. Basi! Wanakaa na kukumbuka. Huyu akikumbuka tunaonyeshwa kipande tulichokwisha kukiona, yule akikumbuka tunaonyeshwa kingine.

"We mtafsiri, umeturudishia ya juzi!" akapaza sauti mfanyabiashara mmoja wa mbuzi.

"Haki ya Mungu si ya juzi!"

"Sasa na hawa wamefungiwa? Si hata sisi tumefungiwa, mbona hakuna aliyekuja kutupiga picha?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini jasho lilikuwa linanitoka, maana nilikuwa nimemaliza utani wote ninaoujua na wale bado wamekaa. Sijawahi kuchukia chumba kama kile. Nilikuwa nikitoka nje naona maji, nikirudi ndani naona kuta nyeupe.

Mwisho kabisa mlango ukafunguka, wala hakuna aliyeeleza kwa nini. Wakawa wako kwenye ule mwezi. Pale chini pamelala kitu kirefu, kimefunikwa turubai linalong'aa. Nahodha akasema, kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba Fundi alikufa siku ile ile waliyomwacha. Akainamisha kichwa. Mwenzake akatoa utani, wakapanda meli, wakaondoka. Hivyo tu! Mtu tuliyemngoja msimu mzima, hata uso hawakutuonyesha!

Maikrofoni iko mdomoni mwangu. Mama mdogo haitazami skrini, ananitazama mimi. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Nahodha anasema Fundi yuko salama. Alitangulia na meli nyingine. Hii hapa ni mizigo yake."

Watu wakapumua. Nyuma kule wengine wakapiga makofi.

Mama mdogo akasimama.

"Wamemfunika," akasema.

"Ni mizigo, mama."

"Mizigo haiinamiwi kichwa." Akajitanda leso yake vizuri, taratibu. "Mwanangu, hiyo sauti uliyosemea sasa hivi ndiyo unayoniambia nayo kila asubuhi kwamba baba yako mdogo yuko salama. Ndiyo hiyo hiyo. Hata kikohozi umekohoa mahali pale pale."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Amekufa?"

"Sijui, mama."

"Basi ungeniambia hujui." Akatoka.

Asubuhi yake nilimkuta amekaa juu ya magunia ya unga ndani ya boti, mwenye boti anamsihi ashuke. "Nitashuka Golbanti," ndilo jibu alilokuwa nalo. Nikapanda na mimi. Ningemwacha aende peke yake? Lakini yale maji nilikuwa nayaogopa, tena sana, na kila gogo lililoelea niliona lina macho. Tulipita juu ya mashamba ya watu, mahindi yameoza chini yetu yananuka, nyoka wamejiviringisha kwenye matawi. Mama mdogo alinipa mgongo njia nzima. Alikuwa ameuma pindo la leso.

Tuliona mbuzi kwanza. Halafu tukamwona mtu, amekonda, ndevu zimeota ovyo, macho ya manjano kwa malaria. Baba mdogo alitutazama kama watu waliochelewa kumletea maji ya kuoga.

"Hata betri za redio hukuniletea?" akamwambia mkewe.

Mama mdogo akaruka, maji yakamfika magotini. Alimfikia akampiga ngumi ya bega, akampiga ya pili, kisha akamng'ang'ania akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nami nililia, sioni haya kusema. Nilimshika mzee mkono, ulikuwa wa moto kwa homa, nikaushikilia mpaka akauvuta akasema mimi ni mwanamume, niache kulia.

Alikataa kurudi nasi. Akatuonyesha mstari wa tope kwenye ukuta wa kanisa: maji yameanza kushuka, na yakishuka unayafuata nyuma nyuma na mbegu, unapanda mpunga kwenye tope likiwa bichi. Ukichelewa linakauka, linapasuka, na mwaka huo umekwenda. "Niache hili nikatazame sinema Garsen?" Mama mdogo akashusha furushi lake kutoka botini, wala hakuna aliyethubutu kumkataza. Mwenye boti akawasha injini, nikarudi na magunia matupu.

Alasiri hiyo banda lilikuwa limejaa. Hakuna aliyeuliza meli imefika wapi. Walikuwa wanataka kujua habari za mzee, maana kila mmoja wao kule majini alikuwa ameacha mtu, kama si mtu ng'ombe, kama si ng'ombe kaburi.

Nikasema, "Yuko hai. Yuko salama."

Hakuna aliyepumua. Bibi mmoja wa Kigiriama, amekaa pale benchi la mbele, akaniuliza polepole, bila ubaya wowote, "Umemwona kwa macho yako, ama unatafsiri?"

Nikaapa nimemwona. Nikaapa nimemshika mkono. Wakaitikia kwa adabu, wakageuza shingo zao kuelekea mlangoni, wakamngoja mwenye boti afike awaambie.