Ukibeba Koili, Mbebe na Mwenyewe

Wajukuu wangu siku hizi wakiharibikiwa na gari wanapiga simu, kisha wanakaa kando ya barabara wakila viazi vya pakiti mpaka mtu aje. Mimi nawatazama tu. Wakati ule tukikaa mtaa wa Umoja, nyumba zikiwa bado zinanuka rangi mpya, gari likikusumbua uliita wenzako, wakaja na magari yao, na kufika jioni yalikuwa mabovu yote. Lakini mlikuwa mmeshiba.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Mzungu mmoja akirudi kwao alimwachia kombi ya kulala ndani. Ilikuwa na kitanda, jiko la gesi la kutosha sufuria moja, sinki na bomba lake, na paa la kusukuma juu likasimama kama hema. Nyumba kamili, ila ina magurudumu. Wanawake wa mtaa walikuja kuiona wamejifunga vitambaa vya kanisani. Mimi niliyeishia darasa la tatu nikawa na nyumba ya kukaa na nyumba ya kutembea! Nilijivuna, na bado najivuna.

Basi wifi yangu, dada ya mume wangu, akaja kututembelea kutoka Machakos. Akaizunguka ile kombi, akapiga gurudumu teke.

"Hii? Hii itafika kwa mama Machakos ikivutwa kwa kamba."

"Itafika yenyewe," nikamjibu. "Na wewe nitakupikia chai humo ndani, kwa maji ya bomba lake. Jumapili ijayo. Wewe osha kikombe tu."

"Nitaosha. Na kamba nitaianika juani."

Mume wangu alinikanyaga mguu, lakini alichelewa. Shida ni kwamba gari lilikuwa linatembea vizuri, ila lile bomba halikuwa limetoa hata tone tangu tulipolipata. Maji yalivutwa na kipampu cha umeme, na kipampu kilikuwa kimekufa.

Jumamosi tukaenda kwa chama. Wenye kombi za kulala walikuwa na chama chao, wakikutana kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba zetu ili kutengenezeana magari. Siku hiyo walikuja wawili tu. Mmoja alikuwa mchinjaji wa Kiamaiko. Kombi yake ililaza mbuzi kitandani, na mbuzi hao walilala vizuri kuliko watoto wangu. Wa pili alikuwa mchonga vinyago wa Huruma, ambaye kila kilichovunjika alikichonga upya kwa mti. Gia yake ilikuwa na kichwa cha kifaru.

Dawa yao ya kila ugonjwa ilikuwa kujaribishia. Gari likikataa kuwaka, walitoa kifaa kizima kwenye gari zima wakakitia kwenye lile gonjwa. Likikataa bado, wanatoa kingine. Na chama kilikuwa na sheria moja: ukiondoka na kifaa cha mwenzako, unaondoka na mwenzako. Sheria hiyo waliiweka baada ya mtu kwenda Kitui na kabureta ya mchinjaji akarudi nayo Krismasi.

Mchonga vinyago akaingia chini ya sinki letu. Mimi nikawasha makaa, nikachoma nyama ya mchinjaji, nikajua mambo yangu yamenyooka. Kugeuka, naona vipande vya injini yetu viko nje kwenye turubai.

"Baba watoto! Sisi tulikuja kwa bomba!"

"Tulia, mama. Ya mchinjaji imekataa kuwaka. Tunajaribishia koili yetu tu."

Koili ni kile kikopo kinachopelekea plagi moto. Haikuwa koili. Wakajaribishia kabureta yetu, ikawa pia siyo. Wakachukua za mchonga vinyago. Mwisho kombi ya mchinjaji ikanguruma, wakashangilia, wakala nyama yangu yote. Ndipo wakatia kwenye yetu vifaa vilivyobaki, mume wangu akaiwasha. Kimya.

"Rudisheni vitu vyetu," nikasema, nimeshika koleo la makaa.

"Sawa, shemeji," akasema mchinjaji, akitazama turubai. "Sasa koili yenu ni ipi?"

Zote zilikuwa nyeusi kama masizi. Wakaweka hii, wakatoa ile, wakabishana mpaka jua likaanza kuteremka, mimi nikimwona wifi kichwani mwangu akianika kamba yake. Hatimaye yetu ikawaka! Mchinjaji akachungulia ndani.

"Lakini hiyo koili ni yangu. Naijua kwa mafuta ya mbuzi."

"Na hiyo kabureta ni yangu," akasema mchonga vinyago.

"Isiguswe!" nikapiga kelele. "Mtu asiiguse tena! Kesho ikifika, ifike hivyo hivyo."

"Basi na sisi tunakwenda, shemeji. Sheria ni sheria."

Mchonga vinyago akanionyesha bomba. Alikuwa amelichongea mpini mpya wenye kichwa cha twiga na kuunga nyaya za kipampu. Nikazungusha twiga. Maji yakatoka, na papo hapo honi ikalia piiii! Nikaruka. Nikafunga, honi ikanyamaza. Nikafungua, piiii!

"Maji yanatoka?" akauliza.

"Yanatoka, lakini..."

"Basi limepona."

Kesho yake tukaondoka: mimi na mume wangu mbele, nyuma kitandani mchinjaji, mchonga vinyago, na mbuzi, kwani mchinjaji alisema hawezi kwenda kwa mama wa watu mikono mitupu. Injini ya kombi ile ilikuwa nyuma, chini ya kitanda, kwa hiyo wenye vifaa walikaa juu ya vifaa vyao. Tukiteremka, kila mmoja alisema, "Sikia hiyo sauti tamu, ndiyo yangu." Tukipanda mlima, kila mmoja alimlaumu mwenzake. Mbuzi peke yake alinyamaza. Alikuwa anakula pazia.

Wifi alikuwa amesimama langoni, kamba begani. Kombi ikaingia yenyewe, ikazunguka uwanja mzima wa mama mkwe, kwa sababu mume wangu naye alitaka ionekane. Wifi akachungulia nyuma.

"Na hawa ni nani?"

"Huyu ni koili," nikasema. "Yule ni kabureta."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikashika birika, nikazungusha twiga. Piiii! Majirani wakaja mbio wakidhani ni arusi. Na majirani wakija lazima wanywe chai. Nikafungua tena, piiii, na wengine wakaja kutoka ng'ambo ya mto.

Wifi alikunywa kikombe chake polepole, akitafuta kosa.

"Maji yananuka mbuzi."

"Lakini yamenuka hapa kwa mama, na kamba yako ni kavu."

Akanywa cha pili. Kisha akaingia ndani mwenyewe. "Hebu nione hicho kichwa cha twiga." Piiii! Akafunga, akafungua. Piiii! Mwanamke mzima, mweka hazina wa akina mama kanisani, alichezea lile bomba mpaka maji yakaisha, halafu akaendelea kwa sababu ya honi.

Wakati wa kuondoka mume wangu akazungusha ufunguo. Hakuna hata kikohozi. Betri ilikuwa imekwisha.

Wote wakamgeukia wifi. Wifi akateremka, akanyoosha rinda lake, akaenda kufungua ng'ombe wa kulima. Akafunga kamba yake mwenyewe mbele ya kombi yangu, fundo juu ya fundo, uso unang'aa kama wa bibi arusi.

"Nilisema nini mimi?"

"Ulisema itafika kwa kamba," nikamwambia kwa dirisha, nimekaa kiti cha mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. "Imefika bila kamba. Kuondoka hatukuzungumza. Haya, wifi, piga ng'ombe."