Chupa za Bia Nyumbani kwa Shangazi

Stoo ya Shangazi Rukia ilinuka siki, na nyuma ya siki kulikuwa na harufu nyingine kama ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Humo ndimo marehemu mumewe, Mjomba Shabani, alimosafishia picha za nusu ya Bagamoyo: maharusi, wahitimu wa madrasa, na wote waliohitaji sura ya pasipoti wakatoka na sura ya jambazi. Nilikuwa darasa la nne, nimepelekwa kwake likizo nzima kwa sababu nyumbani Kerege nilikuwa nimeshawachosha wote. Na kichekesho, ingawa shangazi hakukicheka, ni kwamba mpiga picha yule hakuwa na picha yake hata moja. Siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Ila Idi ya mwisho kabla hajafariki, shangazi aliinyakua kamera akampiga picha yeye, mara moja tu, na filamu ikabaki humo haijasafishwa. Dawa ya kuitoa hiyo picha ilikuwa imebaki pakiti moja ya unga. Moja! Ikiharibika, uso wa mjomba ndiyo umekwenda.

Alhamisi asubuhi shangazi aliukoroga ule unga kwenye maji ya vuguvugu, akinieleza kwa sauti ya mtu anayefundisha sala. Dawa hulala siku nzima kabla ya kutumika, na ikilala ina maadui wawili, mwanga na hewa. Kwa hiyo chupa iwe ya kioo cha kahawia, isiwe na mafuta, ijae mpaka shingoni. Akaniachia ndoo nitafute chupa, yeye akaenda kuoga. Nilitafuta kwa dakika mbili hivi, na hicho ndicho kiwango changu cha bidii mpaka leo. Za dawa ya kikohozi zilikuwa ndogo kama kidole. Ya asali ilinata. Ndipo nikaliona dumu dogo la maji ya Zamzam, tupu, safi, la kuonyesha ndani, limetoka Makka kabisa. Nikawaza, hili lina baraka zake, mjomba atatoka anang'aa. Nikamimina, nikaliweka juu ya kabati la sebuleni, nikajipongeza.

Jirani yetu Bi Tatu akaingia bila hodi, kama kawaida yake. "Yarabi, Zamzam! Nani karudi Makka nami sijaambiwa?" Kabla sijajibu alishajimiminia kwenye kikombe kidogo cha kahawa, amesimama, ameelekea kibla, ananong'ona dua ya magoti yake. Nikamrukia. Kikombe kikaruka, dawa ikamwagika mkekani, Bi Tatu akaanguka pu.

"Mtoto huyu ana shetani!"

"Si Zamzam, bibi. Ni dawa ya picha. Ni sumu."

Shangazi alitokea na khanga ya kuogea, povu shingoni. Afadhali angenichapa. Alinitazama tu, akasema, "Umetia sumu mahali watu wanapoombea dua."

Alivaa baibui, akafunika uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanishika mkono mpaka kwenye baa nyuma ya stendi. Saa tano asubuhi! Mhudumu alisimama wima. "Shikamoo, mama. Ya baridi au ya moto?"

"Marahaba, mwanangu. Tupu. Mbili."

Tulirudi na chupa mbili za kahawia ndani ya khanga, tukipita vichochoroni kama wezi wa kuku. Shangazi aliziosha mara saba, kama zimelambwa na mbwa. Ya kwanza ilijaa mpaka shingoni. Ya pili ikapungua kikombe kile kile cha Bi Tatu. "Hewa," shangazi akasema, na nikaona hofu yake. Nikaleta gololi zangu zote, ishirini na saba, ushindi wa muhula mzima. Tulizitumbukiza moja moja, zikipita shingoni kwa kubana, na dawa ikapanda, ikapanda, hewa ikakosa pa kukaa. Vizibo tulivichonga kwenye ndala kuukuu. Halafu zikasimama stoo, peupe kabisa, wala shangazi hakuhangaika kufunga mlango. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa swala tano. Hakuna mdomo ambao ungeikaribia chupa ya bia. Bi Tatu alichungulia, akaona, akaondoka mbio zaidi kuliko alivyoingia.

Ijumaa baada ya swala shangazi alijifungia gizani, akaitia filamu ndani ya kopo lake maalumu lisiloingiza mwanga, akatoka, tukamimina. Mimi nilihesabu dakika kwa sauti. Ikafuata dawa ya pili, ya kuishika picha isifutike, kisha maji. Alipoivuta ile filamu, inachuruzika, akaiinua dirishani, nami nikachungulia. Kulikuwa na mtu! Kanzu nyeusi tii, uso mweupe, meno meusi, anacheka. Sikujua bado kwamba filamu hugeuza nyeupe kuwa nyeusi, na nyeusi kuwa nyeupe.

"Shangazi, mjomba kawa mzungu."

Aliangua kicheko, kikamkatikia katikati. "Huyo," akasema. "Huyo hapo."

Sasa niko kidato cha tatu, na simu yangu ina picha maelfu, nyingine ni za pua yangu peke yake. Juzi ilijaa, nikafuta mia mbili nikiwa chooni, bila hata kutazama nimemfuta nani. Sijawahi tena kuusubiri uso wa mtu, utokee au usitokee, nikaogopa hata kupumua.